Dosie yako imekataliwa: ufanye nini?

Hotuba hii ilitolewa na afisa wa uwanjani wa shirika moja la Ituri mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wao. Tunaichapisha kwa sababu wengi waliokuwa pale waliomba kuipata kwa maandishi.

Najua wako mama walioacha madumu yao kwenye foleni ya maji ili wanisikilize, kwa hiyo sitazunguka sana.

Niseme mapema, ili asiwepo mtu wa kuondoka na tumaini la bure: leo sikuleta orodha ya majina, wala sikuleta msaada. Nimekuja kuzungumza juu ya barua. Ni ile barua anayoipata mtu aliyeumia vitani, baada ya kuomba msaada au fidia kwa ajili ya ulemavu wake, akangoja, akangoja sana, halafu jibu likaja: hapana.

Hapa kambini wako baba waliovaa sare ya jeshi la taifa na wakarudi na mguu mmoja. Wako waliochukuliwa na vikundi vyenye silaha wakiwa watoto, wale ambao sote tunawaita kadogo. Leo ni watu wazima, wana watoto wao, na risasi ingali mwilini. Wako dada zetu waliopitia humo humo na ambao hawapendi kusema waliyoyaona. Kila mmoja ana njia yake na ofisi yake. Lakini katika kazi hii nimeona kwamba wakikataliwa, wengi wanafanya jambo moja: wanaikunja barua, wanaiweka chini ya mkeka au wanaitia motoni, na hawarudi tena.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa najaza fomu za programu moja iliyosaidia watu waliojeruhiwa wakiwa kadogo. Sharti moja lilikuwa la umri: mtu awe aliingizwa katika kikundi kabla ya kutimiza miaka 15. Siku ile foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inakuja. Akafika mwanaume anayechechemea, ana vipande vya bomu kwenye goti. Akaniambia alichukuliwa mwaka 2002 akiwa na miaka 13. Nikamwomba kitambulisho, akatoa karte ya uchaguzi. Nikanakili tarehe ya kuzaliwa kama ilivyoandikwa pale, mwaka 1985, nikamwita mtu wa nyuma yake.

Hesabuni wenyewe. Kwa karte ile, mwaka 2002 alikuwa na miaka 17. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa dosie yake unasema hivi, na ukurasa wa tatu unasema vile. Yule aliyeisoma dosie akiwa mezani, mbali na hapa, hakuuona uso wake wala goti lake. Aliona karatasi mbili zinazogombana. Akaandika hapana.

Ninyi mnajua kwa nini karte ilisema 1985. Wapiga kura walipoandikishwa mwaka 2005, vijana wengi walijiongezea miaka. Karte ile ilikuwa ndiyo kitambulisho, na bila kitambulisho huvuki barieri kwa amani. Kijana wa miaka 16 alisema ana miaka 20, akapewa karte, akafurahi. Nani angefikiri kwamba miaka minne ile ya uongo ingekuja kumdai baadaye? Mimi nilipaswa kufikiri. Nilisoma chuo kikuu, hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, na swali moja tu lingetosha: «Ndugu, karte yako na maneno yako havipatani, kuna nini?» Sikuliuliza. Nitawaambia na jambo jingine linaloniaibisha. Mimi nilizaliwa mwaka mmoja kabla yake. Nilipomtazama nilidhani ni mkubwa wangu kwa miaka mingi, kwa sababu ya jinsi uso wake ulivyochoka.

Barua ilipofika ilikuwa kwa Kifaransa. Alisomewa na mtoto wa jirani anayesoma sekondari. Alichokielewa ni kwamba wameandika yeye ni mwongo. Akaichana. Nilikuja kukutana naye sokoni baada ya miezi mingi, anauza makala, na ndipo nikajua. Nikatafuta kopi ya barua ofisini. Hakuna mahali iliposema yeye ni mwongo. Ilisema umri haukuthibitishwa, na ilisema ana haki ya kuomba dosie ichunguzwe tena kabla ya tarehe fulani. Tarehe ile ilikuwa imepita majuma matatu.

Tulikwenda kwa mama yake. Akafungua sanduku, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa kulikuwa na kikaratasi cha ubatizo. Mwaka 1989. Kilikuwa kimekaa pale siku zote.

Tuliandika barua kueleza kuchelewa. Haikukubaliwa. Goti lake liko vilevile mpaka leo, na kila tunapokutana ananisalimu kwa upole, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kama angenitukana.

Ndiyo maana nimekuja. Msidhani kwamba kukataliwa ni jambo la nchi yetu tu, au la watu wasio na mtu mkubwa wa kuwasemea. Wako ndugu zetu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, na wanajua kwamba huko serikali inamlipa kila mwezi askari aliyeumia jeshini, kwa kupima ulemavu wake kwa asilimia, kutoka 0 mpaka 100. Ni nchi yenye mali na ofisi nyingi. Hata huko askari wanaandikiwa hapana. Ila huko hapana ina mlango unaojulikana. Sheria iliyopitishwa mwaka 2017 na kuanza kutumika tarehe 19 Februari 2019 inampa askari wa zamani njia tatu. Anaweza kupeleka ushahidi mpya ambao haukuwamo. Anaweza kuomba afisa wa ngazi ya juu aisome upya dosie ileile bila kuongezwa kitu, kama anaamini aliyeisoma kwanza alikosea. Au anaweza kwenda mbele ya jaji wa baraza la rufaa la askari wa zamani. Kwa kawaida ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Akiuheshimu mwaka huo na akashinda, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku alipoomba mara ya kwanza. Akiupitisha, kwa kawaida anaanza upya.

Siwaambii haya ili mtamani Marekani. Nawaambia kwa sababu ya maswali wanayoulizwa. Kwa sehemu kubwa ni matatu. Leo una ulemavu gani? Ni jambo gani lilikupata ulipokuwa jeshini? Na ni nini kinachounganisha hayo mawili, yaani tutajuaje kwamba ulemavu huu umetoka katika jambo lile, haukutoka kwenye ajali ya pikipiki mwaka jana? Dosie ikikosa jibu la swali moja kati ya hayo, inaanguka, hata kama mtu anasema kweli tupu. Na pale karatasi zilipopotea, askari mwenzako aliyekuwa pamoja nawe anaweza kuandika aliyoyaona, na maandishi yake yanapokelewa. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, shaka inamwendea askari.

Sasa turudi kwetu, maana mfano ninaoupenda zaidi umetoka hapa hapa Ituri.

Tarehe 14 Machi 2012, Korti ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoiita CPI, ilimhukumu Thomas Lubanga kuwa na hatia ya kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka 15 katika kikundi chake na kuwatumia vitani, kati ya tarehe 1 Septemba 2002 na tarehe 13 Agosti 2003. Wako hapa wanaozijua Mandro na Rwampara wakati ule. Sina haja ya kuwaelezea.

Baada ya hukumu likaja jambo la fidia, na lilichukua miaka. Watu 473 walikuwa wamepeleka dosie zao kwa majaji. Tarehe 15 Desemba 2017 majaji walitoa uamuzi: watu 425 wamekubaliwa kuwa wahanga wa kesi ile, watu 48 hapana. Hapo nisimame kidogo, kwa sababu ya uvumi. Majaji walikadiria madhara ya kila mhanga kuwa dola 8,000, wakafikia dola milioni 3.4 kwa wale 425, wakaongeza milioni 6.6 kwa ajili ya wengine ambao wangeweza kujulikana baadaye, jumla milioni 10. Hiyo ni hesabu ya deni lililowekwa juu ya Lubanga, na Korti ilimkuta hana mali ya kulilipa. Haikuwa bahasha ya dola 8,000 kwa kila mtu. Fidia yenyewe iliamriwa iwe ya pamoja, kwa njia ya huduma, na kazi hiyo ikawekwa mikononi mwa Mfuko wa Wahanga wa Korti. Aliyewaambia kwamba kuna bahasha yenu imekaliwa na mtu, aliwadanganya.

Mimi nataka mfikiri juu ya wale 48. Nani angewalaumu kama wangenyamaza? Korti iko Ulaya, majaji wamevaa majoho, kijana yuko Ituri na kiraka cha shamba. Lakini wanasheria wa wahanga walikata rufaa. Tarehe 18 Julai 2019 Chumba cha Rufaa kikauacha uamuzi wa kwanza usimame, ila kikaongeza jambo moja: waliokataliwa, ambao wanaona kwamba walishindwa kutoa maelezo na karatasi za kutosha kwa sababu hawakujulishwa vizuri ni nini kilichotakiwa, wanaweza kuuomba Mfuko wa Wahanga uchunguze upya kama wanastahili.

Sikilizeni vizuri maana yake. Majaji wa rufaa hawakusema kwamba wale 48 wote ni wahanga. Walisema kwamba mtu anaweza kushindwa kuthibitisha jambo la kweli kwa sababu tu hakuelezwa alete nini. Niliposoma hivyo, nilimwona yule ndugu wa makala mbele yangu.

Na msiseme kwamba bila karatasi huwezi kitu. Katika kesi ile ile majaji walijua kwamba vita vilikula karatasi za watu. Walitazama pia kama masimulizi ya mtu yanapatana yenyewe kwa yenyewe, na kama yanaaminika. Kwa hiyo unaposimulia, usiongeze chumvi ili upendeze. Kama hukumbuki tarehe, sema hukumbuki, ila sema ilikuwa wakati wa kuvuna maharagwe, au mwaka ule shule fulani ilipochomwa. Hiyo inasaidia kuliko tarehe uliyoibuni, ambayo kesho utaisahau.

Nisiwadanganye pia kwamba kila rufaa inashinda. Mnakumbuka Bogoro, tarehe 24 Februari 2003. Katika kesi ya Germain Katanga, watu 341 waliomba fidia, na mwezi wa Machi 2017 majaji wakawakubali 297. Kila mmoja alipangiwa dola 250 kama alama ya kutambuliwa, pamoja na huduma za pamoja. Kati ya waliokataliwa walikuwako watano waliosema kwamba uchungu wa wazazi wao waliopitia shambulio lile umewaingia wao pia, ingawa walizaliwa baadaye. Walikata rufaa. Mwezi wa Machi 2018 Chumba cha Rufaa kiliamuru madai yao yatazamwe tena. Yakatazamwa, na mwezi wa Julai mwaka ule ule jibu likawa tena hapana: kiungo kati ya shambulio na uchungu wao hakikuthibitishwa. Ni lile swali la tatu. Ndilo linaloangusha dosie nyingi, hata hapa kwetu. Mtu analeta karatasi ya daktari ya juzi inayosema mguu ni mbovu. Mguu mbovu tunauona sote. Karatasi inayotafutwa ni ile ya siku zile, ya kituo cha afya kilichokufunga jeraha. Na kama kituo kilichomwa, basi maneno ya muuguzi aliyekufunga, au ya mama aliyekubeba.

Niseme sasa tunachoweza kufanya, sisi tulioketi hapa.

Barua ikifika, kitu cha kwanza ni tarehe. Andika nyuma ya bahasha siku uliyoipokea, na nani aliyekuletea. Tunza bahasha. Siku za rufaa mara nyingi zinahesabiwa kutoka hapo, na ninyi mliohama mara mbili na mara tatu mnajua barua inaweza kukufuata kambi kwa kambi. Ukiweza kuonyesha kwamba ilikufikia kwa kuchelewa, na kwa nini, unakuwa na neno la kusema.

Kitu cha pili, isomwe na mtu anayeielewa, si mtoto wa jirani. Sisemi hivyo kwa kuwadharau watoto. Barua hizi zina mambo ya mwili na ya aibu. Kuna dada zetu ambao barua yao inataja waliyofanyiwa, na ikisomwa kwa sauti katikati ya mahema, jioni kambi nzima imejua. Wapo waliokataa kurudi kuomba tena kwa sababu hiyo peke yake. Mama wa kamati, ninawaomba hasa ninyi: tafuteni kati yenu wawili au watatu wanaojua Kifaransa na wanaojua kufunga mdomo.

Ukishasomewa, tafuta sababu. Usitosheke na neno hapana. Uliza: ni swali gani kati ya yale matatu ambalo hawakuona jibu lake? Au ni umri? Au ni jina? Jina nalo linatutesa. Kwenye karatasi ya shule mtu ana jina la babu, kanisani ana jina la ubatizo, katika kikundi alipewa jina la vita, na kwenye karte ameandikwa kwa herufi za mwandishi aliyekuwa na haraka. Yule anayesoma anaona watu wanne. Mweleze mapema kwamba wote wanne ni mmoja, na shahidi mmoja aweke sahihi.

Kama barua haina sababu, andika na uombe sababu. Na kama ni hukumu ya mahakama, Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe na itoe sababu, na haki ya kuipinga imehakikishwa kwa wote.

Kwa baba zetu waliokuwa katika jeshi la taifa, na kwa wajane wao: sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 ndiyo inayoweka hadhi ya mwanajeshi na haki zake. Ukiomba haki yako katika ofisi ya serikali na ukakataliwa, kwa kawaida hukimbilii mahakamani moja kwa moja. Kwanza unaiandikia ofisi ile ile malalamiko, unabaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: wakikunyamazia mpaka muda wa sheria ukapita, ukimya ule unahesabiwa kuwa ni hapana, na saa ya kwenda kwenye mahakama ya utawala inaanza kukimbia. Nimewaona wazee waliongoja jibu miaka minne kwa heshima, huku haki ya kulalamika imekwisha zamani. Hesabu ya miezi hiyo mwachieni avoka au mtetezi wa haki aifanye nanyi, akiwa na barua yenu mkononi. Msiifanye kwa kusikia.

Sasa neno kwa machifu na viongozi, na mniwie radhi nikisema wazi.

Mara nyingi mtu aliyekataliwa anakuja kwenu kuomba barua ya ushuhuda. Mnaandika: «Namfahamu huyu, ni mtu mwema, naomba asaidiwe.» Mnaweka muhuri. Barua hiyo haimsaidii. Hakuna aliyekataa kwamba ni mtu mwema. Andika ulichokiona wewe mwenyewe: kwamba mwaka fulani ulikuwa chifu wa kijiji fulani, kwamba ulimwona mtoto huyu shuleni katika darasa la tano, kwamba baada ya siku fulani hakuonekana tena, kwamba alirudi na jeraha mahali fulani. Kama ulisikia tu, sema ulisikia, na utaje uliyemsikia. Na usiandike barua moja kwa watu ishirini ukibadilisha jina tu. Nimewahi kuona barua kumi na moja zenye sentensi zile zile na kosa lile lile la herufi. Mtu mmoja kati ya wale alikuwa na haki bila shaka yoyote, na aliangushwa na wenzake kumi.

Juu ya pesa: barua ya ushuhuda isiuzwe. Najua muhuri una wino na wino unanunuliwa. Lakini mtu aliyeuza kuku wake wa mwisho ili apate barua, akikataliwa mara ya pili, hasira yake haitakwenda La Haye wala Kinshasa. Itabaki hapa kambini, mlangoni pako.

Hapo nimefika mahali pagumu, na singependa kupapita kimya. Wako kati yenu wanaouliza: kwa nini aliyeshika bunduki asaidiwe kupigania fidia, na mimi niliyechomewa nyumba sina hata turubai zima? Mama mmoja aliniuliza hivyo bila kuficha, na sikumjibu haraka, kwa maana nyumba yake niliijua. Nilimwambia hivi: mtoto wa chini ya miaka 15 hakujiandikisha mwenyewe, sheria inamhesabu kuwa mhanga wa yule aliyemchukua. Na nikamwambia kwamba kesi ya Lubanga ilihusu watoto wale peke yao kwa sababu mashitaka yenyewe yaliishia hapo. Katika kesi ya Bosco Ntaganda majaji walitambua pande zote mbili, watoto walioingizwa jeshini na watu wa vijiji vilivyoshambuliwa, na mwezi wa Julai 2023 wakaweka fidia kuwa zaidi ya dola milioni 31. Alinisikiliza. Sijui kama nilimridhisha. Lakini wiki iliyofuata alikuja kutoa ushuhuda kwa ajili ya kijana wa kabila lisilo lake, ambaye alimwona akichukuliwa barabarani akiwa na daftari la shule. Alisema, «Nilichokiona nilikiona.» Ushuhuda wa mtu wa upande mwingine una uzito mkubwa sana katika dosie, maana hakuna anayeweza kusema ameuandika kwa undugu.

Na wale wanaoniuliza juu ya kesi ya Lubanga, kama bado wanaweza kuandikishwa: hapana, mlango wa dosie mpya ulifungwa mwaka 2021. Akija mtu na fomu na kuwaomba dola tano kwa ajili ya kesi hiyo, mpelekeni kwa kamati. Yako mambo mengine yanayoendelea. Kwa waliotendewa ukatili wa kingono vitani kuna sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 na mfuko wa taifa wa fidia. Juu ya hayo tutazungumza na kila mtu peke yake, si hapa mbele ya wote.

Yule ndugu wa makala nimemwomba ruhusa ya kusimulia habari zake leo. Alikubali kwa sharti nisitaje jina, na akaniambia niwaulize jambo moja kwa niaba yake: leo jioni, kila mmoja amwulize mama yake au shangazi yake kuna nini ndani ya sanduku. Kikaratasi cha ubatizo, cha chanjo, cha shule, picha yenye tarehe nyuma. Kivisheni mfuko wa plastiki, maana mvua za hapa tunazijua.

Jumatano, kuanzia saa mbili asubuhi, mimi na mwenzangu ambaye ni avoka tutakuwa chini ya ule mti karibu na kituo cha afya. Mwenye barua ya kukataliwa aje nayo, hata kama imechanika, hata kama anadhani muda umepita. Aliyechoma yake aje vilevile, tutatafuta kopi kwa jina. Hatutoi ahadi ya kushinda. Tutaanza na wale ambao tarehe zao ziko karibu. Dada wanaotaka kuzungumza na mwanamke, mwenzetu atakuwa ndani ya chumba cha kituo, mlango umefungwa. Hakuna malipo yoyote.

Sasa naona mzee pale ameinua mkono tangu nilipotaja karte ya uchaguzi. Karibu, baba, sema.